Kasi Iliyosahau Kikomo

Hitilafu ya kurudi nyuma ni kosa la programu ya kompyuta linalojitokeza pale ambapo toleo jipya, lililotolewa kwa nia ya kuboresha la zamani, linaharibu jambo ambalo hilo la zamani lilikuwa likilifanya sawasawa, huku mtumiaji akiwa hakubadilisha chochote isipokuwa kulipokea hilo jipya. Hitilafu ya aina hii iliingia katika lugha ya programu ya Python pamoja na toleo la 3.12.0 lililotolewa tarehe 2 Oktoba 2023, ikakaa humo bila kutangazwa hadi Desemba 2024. Ilihusu maktaba ya asyncio, yaani mkusanyo wa msimbo ulioandikwa tayari ambao watayarishaji wa programu huutumia wanapotaka kompyuta moja izungumze na kompyuta au simu nyingi kwa wakati mmoja, na chanzo chake kilikuwa mstari mmoja wa msimbo uliokosekana mahali ulipopaswa kuwa. Kwa kipimo cha msimbo kisa hiki ni kidogo, lakini kinaeleweka vizuri zaidi kikitazamwa kutoka Nairobi kuliko kutoka katika maabara yenye intaneti ya kasi, kwa sababu hali iliyohitajika ili hitilafu ijitokeze, yaani mpokeaji anayepokea polepole, ni hali ya kawaida kwa simu nyingi jijini humo.

Kazi ya maktaba ya namna hii inaonekana vizuri katika malipo ya Lipa na M-Pesa. M-Pesa ilizinduliwa na Safaricom Machi 2007, na mwaka 2017 kampuni hiyo, yenye makao makuu kando ya Waiyaki Way huko Westlands, ikafungua Daraja, mlango wa kielektroniki unaoziwezesha programu za wafanyabiashara kuwasiliana moja kwa moja na mfumo wa M-Pesa. Mnunuzi anapobonyeza kitufe cha kulipa katika tovuti ya duka, seva ya duka, yaani kompyuta inayohudumia tovuti hiyo, hutuma ombi kwa Daraja, na Daraja hujibu papo hapo. Lakini jibu hilo hukiri tu kwamba ombi limepokewa na limepewa namba ya utambulisho, wala halisemi lolote kuhusu pesa zenyewe. Baada ya hapo mnunuzi huona kwenye simu yake dirisha linalomtaka aweke PIN, naye aweza kuiweka mara moja, aweza kusita akitafuta miwani, au aweza kuliacha dirisha mpaka muda uishe. Na matokeo, yawe ya kufaulu au ya kushindwa, hutumwa baadaye kwenye anwani ambayo duka liliitaja mapema kuwa ndiyo ya kurejeshea jibu.

Kama seva ya duka ingesimama na kungoja kila mnunuzi amalize kuweka PIN ndipo imshughulikie mwingine, duka lenye wateja wachache tu lingekwama. Kwa hiyo seva nyingi za leo huandikwa kwa mtindo wa mawasiliano yasiyosubiriana, ambapo programu hutuma ombi, huweka alama ya mahali ilipofikia, huenda kwa mteja mwingine, na hurudi pale jibu linapofika. Kiini cha mtindo huu ni kitanzi cha matukio, sehemu ya programu inayozunguka bila kukoma ikiuliza mfumo endeshi ni miunganisho ipi ina kitu cha kusoma na ipi ina nafasi ya kuandikiwa, kisha ikaihudumia hiyo peke yake. Kitanzi kimoja chaweza kubeba maelfu ya miunganisho, ingawa kwa kweli hufanya jambo moja tu kwa wakati mmoja. Siri yake ni kwamba hakikai bure kamwe kikimngojea mtu.

Pendekezo la kuweka utaratibu huu ndani ya Python yenyewe liliandikwa Desemba 2012 na Guido van Rossum, Mholanzi aliyeianzisha lugha hiyo na kuitoa kwa umma mwaka 1991. Maktaba ikaingizwa rasmi katika toleo la 3.4, Machi 2014, na toleo la 3.5 la Septemba 2015 likaleta maneno mawili mapya ya lugha, async na await, yaliyoifanya isomeke kwa urahisi. Leo Python ni miongoni mwa lugha ambazo kijana wa Nairobi anayejifunza kuandika programu hukutana nazo mapema: hufundishwa Moringa School kando ya Ngong Road, na kampuni ya Africa's Talking, iliyoanzishwa jijini humo mwaka 2010 ili kuuzia watayarishaji wa programu huduma za SMS na USSD, hutoa maktaba yake kwa lugha hiyo pia. Si ajabu basi kwamba badiliko linalofanywa katika Python na watu walio mbali, wengi wao wakijitolea, hufika katika seva za hapa ndani ya miezi michache, hasa tangu mfumo endeshi wa Ubuntu 24.04, uliotolewa Aprili 2024, ulipokuja na Python 3.12 kama toleo lake la kawaida.

Sehemu ya asyncio iliyoguswa ni ile ya kutuma data. Programu inapotaka kumpelekea mteja data, huikabidhi kwa soketi, ambayo ni ncha ya muunganisho ndani ya mfumo endeshi, na mfumo huo una nafasi yake ndogo ya kuhifadhi kile ambacho bado hakijasafiri. Mteja akipokea kwa kasi, nafasi hiyo huachwa wazi upesi na kila kitu huenda sawa. Mteja akipokea polepole, nafasi hujaa, mfumo endeshi hukataa kupokea zaidi, na asyncio hulazimika kuishikilia data iliyobaki katika bafa, yaani ghala la muda lililo ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Tatizo ni kwamba ghala hilo halina kuta. Litaendelea kupanuka kadiri programu inavyoendelea kumimina, mpaka kumbukumbu yote ya seva iishe.

Waliobuni maktaba walilijua hilo, na ndiyo sababu waliweka alama mbili. Bafa ikipita alama ya juu, ambayo kwa kawaida ni kilobaiti 64, sehemu inayosimamia usafirishaji huiambia programu iache kuandika. Ikishuka hadi alama ya chini, ambayo ni robo ya hiyo, huiambia iendelee. Mkazi yeyote wa ghorofa za Kilimani anakijua kifaa kinachofanya kazi hiyo hiyo katika tangi la maji lililo juu ya paa: boya linalopanda na maji na kuufunga mfereji kabla tangi halijafurika. Programu iliyoandikwa kwa uangalifu hutegemea ishara hizo mbili kabisa, wala haipimi bafa yenyewe, kwa kuwa imeahidiwa katika maelezo rasmi ya lugha kwamba itaambiwa.

Hapo ndipo uboreshaji ulipoingia. Asyncio ina njia mbili za kutuma: moja, write, hupokea kipande kimoja cha data, na nyingine, writelines, hupokea orodha ya vipande. Katika matoleo ya zamani writelines haikuwa na kazi nyingi. Iliunganisha vipande vyote kuwa kimoja kikubwa, kisha ikakikabidhi kwa write. Kuunganisha huko kulimaanisha kunakili data upya katika kumbukumbu, gharama isiyo na faida kwa mtu yeyote, na watunzaji wa Python walikuwa na sababu njema ya kuiondoa. Toleo la 3.12 likaipa writelines njia yake yenyewe, ambayo huvipeleka vipande kwa mfumo endeshi jinsi vilivyo, bila kuvinakili, kwa kutumia wito wa mfumo uitwao sendmsg unaoweza kuchukua vipande vingi kwa mkupuo mmoja, na maelezo ya toleo hilo yalitaja kwa haki kwamba uandishi kwenye soketi umeongezeka kasi sana.

Lakini hundi ya alama ya juu, yaani mstari wa msimbo unaokagua kama bafa imeipita alama hiyo, ilikuwa ndani ya write. Maadamu writelines ilipitia humo, ilipata hundi hiyo bure, bila mtu kulazimika kuiandika wala kuikumbuka. Ilipojengewa mlango wake, hundi ilibaki kwenye mlango wa zamani. Hakuna aliyeifuta kwa makusudi, na mhakiki anayesoma mabadiliko hayo mstari kwa mstari asingeona mstari wa hundi ukiondolewa, kwa sababu hakuna mstari wa namna hiyo ulioondolewa. Hili ndilo linaloifanya hitilafu ya kurudi nyuma kuwa ngumu kuliko makosa mengine: mara nyingi kinachopotea hakikuwahi kuandikwa mahali kinapopotea, kilikuwa kikirithiwa kimyakimya kutoka kwa jirani.

Ukimya huo ulisaidiwa na mazingira ya majaribio. Programu nyingi hujaribiwa kwa mtumaji na mpokeaji walio katika kompyuta moja, au katika ofisi moja yenye faiba, na katika hali hiyo bafa huenda isifikie alama ya juu hata mara moja, hivyo kuwapo au kutokuwapo kwa ishara ya kusimama hakuonekani. Nairobi haiko hivyo. Katika upande wa magharibi wa jiji, mtaa wa Lavington wenye faiba hadi sebuleni umepakana na Kawangware, na Westlands yenye ofisi za kampuni za kimataifa iko kilomita chache kutoka Kangemi, ambako intaneti ya wengi ni data ya simu inayonunuliwa kwa vifurushi vidogo, na simu yenyewe yaweza kuwa ndani ya matatu inayosogea kutoka mnara mmoja hadi mwingine kwenye Waiyaki Way. Seva moja inayowahudumia wateja wa mitaa hii yote ina wapokeaji wa kasi na wa polepole kwa wakati mmoja, na wale wa polepole ndio hasa ambao hundi ya alama ya juu iliwekwa kwa ajili yao.

Hesabu ya kufikirika inatosha kuonyesha ukubwa wa tofauti. Tuseme seva ya shule moja inatuma faili ya masomo ya megabaiti 40 kwa vipande kupitia writelines, na simu ya mwanafunzi inapokea megabiti 1 kwa sekunde, ambayo ni sawa na kilobaiti 125. Upakuaji utachukua sekunde 320, yaani dakika tano na ziada. Seva, kwa upande wake, yaweza kuisoma faili hiyo kutoka kwenye diski yake kwa muda usiofika hata sekunde moja. Hundi ikiwapo, seva husoma kidogo, hutuma, husimama, husoma tena, na bafa ya kila mwanafunzi hubaki karibu na kilobaiti 64, hivyo wanafunzi 100 kwa pamoja hawachukui hata megabaiti 7. Hundi isipokuwapo, faili yote humiminwa katika bafa ya kila mmoja kabla mwanafunzi hajapokea hata sehemu ya mia, na wanafunzi hao hao 100 hudai gigabaiti 4. Seva za bei nafuu ambazo biashara changa hukodi huwa na gigabaiti 1 au 2 tu. Mfumo endeshi wa Linux unapoishiwa kumbukumbu huichagua programu inayokula zaidi na kuiua, kwa hiyo hata mteja wa Lavington, ambaye muunganisho wake hauna kasoro, angeona tovuti imezimika.

Kisa cha aina hii humpotosha fundi. Rekodi za matukio ya seva zingeonyesha kwamba programu iliuawa kwa kula kumbukumbu nyingi, wakati msimbo wa shule haujaguswa kwa miezi, na jambo la kwanza kushukiwa lingekuwa wingi wa wateja, la pili mtandao, la tatu pengine shambulio. Lugha yenyewe ya programu ingefikiriwa mwisho kabisa. Wakenya wanakumbuka hitilafu ya aina nyingine, ile ya Machi 2013, wakati mfumo wa tume ya uchaguzi ya IEBC uliokuwa ukionyesha matokeo ya awali katika kituo cha Bomas of Kenya ulipozidisha idadi ya kura zilizokataliwa mara nane. Makosa ya namba yana fadhila hiyo walau, kwamba hupiga kelele: idadi ilikuwa kubwa mno, kila mtu aliyetazama skrini aliiona, na tume ikalazimika kueleza. Bafa inayofura haina skrini.

Hata mtandao wenye kasi waweza kugeuka wa polepole kwa siku moja. Jumapili tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota kwa siku kadhaa. Biashara nyingi za Nairobi hukodi seva zilizo nje ya nchi, zikiwemo za Ulaya na za Cape Town, ambako Amazon ilifungua vituo vyake mwaka 2020, kwa hiyo siku nyaya zinapokatika karibu kila mteja wa seva hizo hugeuka kuwa mpokeaji wa polepole kwa wakati mmoja. Wakati huo Python 3.12 ilikuwa imeshatumika kwa miezi saba huku hitilafu ikiwa bado haijatangazwa.

Ilitangazwa tarehe 6 Desemba 2024 chini ya namba CVE-2024-12254 katika orodha ya kimataifa ya udhaifu wa programu, orodha ambayo huwezesha vituo vya usalama wa mitandao, kikiwemo kile cha taifa cha KE-CIRT kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kwenye Waiyaki Way hiyo hiyo, kuzungumzia kasoro moja kwa jina moja popote duniani. Tangazo lilikuwa la kiasi. Lilisema kwamba walioathirika huenda ni wachache, kwa kuwa masharti yalipaswa kutimia yote: mtu awe anatumia toleo la 3.12.0 au la baadaye, katika Linux au macOS, awe anatumia asyncio, na awe anaita writelines. Wenye Windows hawakuguswa, kwa sababu asyncio hutumia huko njia nyingine ya usafirishaji. Sababu ya kuiita kasoro ya kiusalama, badala ya kosa la kawaida, ni kwamba mtu mwenye nia mbaya angeweza kujifanya mpokeaji wa polepole kwa makusudi, akaomba faili kubwa kupitia miunganisho mingi, kisha akatulia bila kusoma kitu.

Marekebisho yenyewe yalikuwa kuuweka ule mstari wa hundi mahali pake, pamoja na jaribio la kuhakikisha kwamba haupotei tena, na yakawafikia watumiaji katika matoleo ya 3.12.9 na 3.13.2, yote mawili ya tarehe 4 Februari 2025. Katika kipindi cha katikati, watunzaji wa aiohttp, maktaba mashuhuri ya kuandikia seva na wateja wa wavuti juu ya asyncio, waliamua kutoitumia writelines kabisa; na hata baada ya marekebisho waliacha katika msimbo wao sharti linalokagua toleo la Python kwanza, ili katika matoleo yenye kasoro vipande viunganishwe na kupitishwa kwenye write kama zamani. Uamuzi huo ni wa busara kuliko unavyoonekana. Wangeweza kuwaambia watumiaji wao wasakinishe Python mpya na wakanawa mikono, lakini kwa watu wengi Python huja na mfumo endeshi, na kuibadilisha kwenye seva inayofanya kazi si jambo la jioni moja.

Toleo hilo hilo la 3.12 lilikuwa na kisa kingine, cha kinyume, ambacho kinastahili kutajwa kwa sababu kinaonyesha jinsi mpaka kati ya kurekebisha na kuharibu ulivyo mwembamba. Kuna kitendo kiitwacho wait_closed ambacho, kwa mujibu wa maelezo yake, hungoja hadi seva ifungwe na miunganisho yote imalizike. Kwa miaka mingi hakikufanya hivyo. Kilirudi mara moja bila kungoja chochote. Watunzaji wakakirekebisha ili kitimize ahadi yake, wakakirekebisha tena katika 3.12.1, na matokeo yakawa kwamba baadhi ya programu ambazo zilikuwa zikizimika vizuri zikaanza kuning'inia wakati wa kuzimwa, zikimngoja mteja aliyeacha muunganisho wazi. Kwa mwenye programu hiyo, ilikuwa hitilafu ya kurudi nyuma. Kwa mwenye lugha, lilikuwa kosa la zamani lililoondolewa. Wote wawili walikuwa na haki, na suluhisho lililokuja katika toleo la 3.13 lilikuwa kuongeza vitendo vipya vya kuifunga miunganisho ya wateja kwa nguvu, ili kungoja kusiwe kwa lazima.

Kwa watayarishaji wa programu wa Nairobi, njia ya kuzinasa hitilafu kama ile ya writelines kabla hazijafika kwa wateja haina gharama kubwa. Linux ina chombo kiitwacho netem kinachoweza kuuchelewesha mtandao na kupoteza pakiti za data kwa makusudi, hivyo seva iliyo kwenye meza moja na mteja wake yaweza kujaribiwa kana kwamba mteja yuko ndani ya matatu huko Kangemi, huku kumbukumbu ya seva ikitazamwa kwa dakika kumi. Jaribio likionyesha kumbukumbu inayopanda bila kushuka, kuna hundi mahali fulani isiyofanya kazi, iwe ya Python au ya msimbo wa mtu mwenyewe. Na la pili, kwa kweli, ndilo hutokea mara nyingi zaidi.

Kuhusu matoleo, 3.12 itaendelea kupokea viraka vya usalama hadi Oktoba 2028, na seva nyingi zitabaki nayo hadi wakati huo. Anayetaka kujua kama seva yake imerekebishwa asitosheke na namba inayoonyeshwa anapouliza toleo, kwa sababu wasambazaji wa mifumo endeshi kama Ubuntu huwa na desturi ya kupachika kiraka katika toleo la zamani bila kubadilisha namba yake kuu. Seva mbili zinazojiita 3.12.3 zaweza kuwa moja na hundi na nyingine bila hundi. Jibu la kuaminika limo katika historia ya mabadiliko ya kifurushi chenyewe, ambamo namba 12254 ama imetajwa ama haikutajwa.